Sura ya Nne: Seremala Huru Katika Nchi ya Watumwa

Kila ninapomtaja Thomas Day, swali la kwanza huwa lilelile: alikombolewa mwaka gani? Anayeuliza ameshamjengea mtu huyu maisha kamili kichwani mwake. Alizaliwa mtumwa, bwana wake akaona ana mikono mizuri, akamwachia huru, naye akafungua karakana. Hakuna la kweli hapo. Day hakukombolewa na mtu kwa sababu hakuwahi kumilikiwa na mtu. Alizaliwa mwaka 1801 katika wilaya ya Dinwiddie, Virginia, na wazazi waliokuwa huru, na baba yake, John Day, alikuwa seremala wa samani kabla yake.

Wanaoshangaa husahau sheria moja ya mwaka 1662, iliyotungwa hukohuko Virginia, iliyosema kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Mtoto wa mtumwa ni mtumwa hata kama baba yake ndiye mwenye shamba. Waliotunga sheria hiyo walitaka kulinda mali yao, ikiwemo mali waliyoizaa wenyewe. Lakini sheria ikikata kwa mtumwa hukata kwa huru pia: mwanamke Mweusi aliye huru alizaa watoto huru, nao binti zake wakazaa huru, vizazi kwa vizazi. Mourning Stewart, mama yake Day, alitoka katika ukoo wa namna hiyo. Baba yake Mourning alikuwa tabibu mwenye ardhi yake.

Na hawakuwa wachache. Sensa ya mwaka 1860 ilihesabu watu Weusi huru karibu 488,000 katika Marekani nzima, na zaidi ya nusu yao waliishi katika majimbo yenye utumwa, si kaskazini kama filamu zinavyotufundisha. North Carolina peke yake ilikuwa na kama 30,000, wakiishi katikati ya watumwa zaidi ya 330,000.

Nimekusudia katika sura hii kuwaeleza mafundi watatu wa kundi hilo, kila mmoja kwa kurasa zilizo sawa: Day wa Milton, North Carolina, Henry Boyd wa Cincinnati, Ohio, na Dutreuil Barjon wa New Orleans. Mmoja wa mji mdogo wa tumbaku, mmoja wa mji wa viwanda katika jimbo lisilo na utumwa, mmoja wa bandari kubwa. Mpango ni mzuri. Tatizo ni kwamba unaanza na Day.

Wapo wanaokubali kwamba alizaliwa huru, kisha wanamhamisha. Kwa miongo mingi ilisimuliwa kwamba alitoka kisiwa cha Nevis katika Karibi, na kwamba mama yake alimpeleka miji ya kaskazini kusomea kazi yake. Ni hadithi tamu, na chini yake kuna dharau. Msimulizi hakuweza kuamini kwamba familia ya Weusi wa Virginia ingeweza kutoa fundi wa kiwango kile kwa kumfundisha nyumbani, basi akamtafutia asili ya mbali. Nyaraka za ukoo, zikiwemo barua za kaka yake, John mdogo, zinatueleza jambo la kawaida zaidi: mzee John aliwafundisha wanawe kushika randa, familia ikavuka mpaka kuingia North Carolina, vijana wakaanza kujitafutia. Huyo John mdogo aliiacha kazi ya mbao, akawa mhubiri wa Kibaptisti, akaondoka kwenda Liberia mwaka 1830. Jina lake lipo miongoni mwa waliotia saini tangazo la uhuru wa Liberia mwaka 1847, na baadaye alikuwa jaji mkuu wa nchi hiyo. Ndugu wawili, karakana moja. Mmoja akaenda kujenga taifa, mwingine akabaki kujenga makabati. Sijawahi kuelewa kwa nini mtu mwenye habari kama hii mkononi aone haja ya kumtoa Day Nevis.

Milton ipo kando ya mto Dan, karibu sana na mpaka wa Virginia. Wilaya yake, Caswell, ilikuwa nchi ya tumbaku, na humohumo, mwaka 1839, mtumwa aitwaye Stephen katika shamba la Abisha Slade anasimuliwa kuwa ndiye aliyegundua kwamba tumbaku ikikaushwa kwa joto kali la mkaa hugeuka njano angavu na kupata bei nzuri. Jasho la Stephen likawa fedha za Slade na majirani zake, na fedha za wakulima wale zikawa ngazi, makabati na makochi. Mteja wa Day alikuwa mtu huyo: mwenye shamba aliyetajirika, anayetaka nyumba yake ionekane kama ya mjini.

Mwaka 1827 Day alinunua kiwanja kwenye barabara kuu ya Milton kwa dola 550. Mwaka huohuo alitangaza katika gazeti la mji kwamba ana samani za mahogani na za jozi tayari dukani. Alikuwa na miaka 26 hivi.

Sasa naomba msomaji aipime ile dola 550 na nambari nyingine. Katika miaka ileile, jimbo lilipiga marufuku mtu Mweusi huru kuingia kutoka jimbo jingine. Adhabu yake ilikuwa faini ya dola 500, na asiyeweza kulipa angeweza kutumikishwa hadi miaka 10. Mwaka 1830 Day alimwoa Aquilla Wilson, mwanamke huru kutoka wilaya ya Halifax, Virginia, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwake. Bwana harusi hakuweza kumleta mkewe nyumbani. Kuvuka mpaka ule kungeweza kumgharimu bibi harusi karibu bei ya kiwanja kizima.

Kilichofuata kinaeleza uhuru wa namna hii kuliko maelezo yangu yote. Wazungu 61 wa Milton na jirani zake walitia saini ombi kwa bunge la jimbo wakitaka Aquilla aruhusiwe kuingia, kwa maana Day alikuwa ametishia kuhama. Romulus Saunders, mwanasheria mkuu wa jimbo, aliongeza ushuhuda wake: anamjua Day kuwa fundi hodari, mwaminifu, asiye mlevi, tena, likizuka vurugu lolote kati ya Weusi, anaamini Day angetoa taarifa, kwa sababu ni mmiliki wa ardhi na wa watumwa. Bunge likakubali, likapitisha sheria maalumu kwa ajili ya mke wa mtu mmoja.

Watu husoma kisa hiki wakasema, tazama jinsi wazungu wa Milton walivyompenda. Upendo hauna habari hapa. Walihitaji samani, walihitaji mlipa kodi, na walihitaji mtu waliyedhani yuko upande wao. Hali nzima ya Day ilisimama juu ya saini za watu ambao hakuweza hata kutoa ushahidi dhidi yao mahakamani, kwa maana sheria ya North Carolina haikumruhusu Mweusi kushuhudia dhidi ya mzungu. Fundi mwenye wateja wanaokopa aelewe maana yake. Mwaka uliofuata, Agosti 1831, Nat Turner aliongoza uasi katika wilaya ya Southampton, Virginia, na kamba ikakazwa kote kusini. Mwaka 1835 katiba ya jimbo ilirekebishwa na watu Weusi huru, ambao hadi hapo walikuwa wakipiga kura, wakanyang'anywa haki hiyo. Baadaye walilazimika hata kuomba kibali cha kuweka bunduki. Kadiri Day alivyotajirika, ndivyo sheria ilivyompunguzia utu.

Hapo ndipo inapoingia hadithi ya mabenchi. Wageni wa Milton huelezwa kwamba Day alilitengenezea kanisa la Kipresbiteri mabenchi yake kwa sharti moja: yeye na familia yake waketi chini pamoja na wazungu, si ghorofani walikowekwa Weusi. Ni kweli kanisa lina mabenchi yanayohesabiwa kuwa kazi yake, na ni kweli yeye na mkewe walikuwa waumini pale. Lakini lile sharti ni masimulizi ya midomo, tena ya kupendeza mno. Linamfanya kuketi kwake kuwe malipo ya kazi moja ya mbao. Mtu ambaye bunge limemtungia sheria, mwenye hisa katika benki ya mji, hakuhitaji kubadilishana benchi kwa benchi.

Tufike kwenye kazi yenyewe, ambako naomba uvumilivu wa msomaji, maana ndiko nilikozoea.

Ukimwambia mteja wa leo kwamba kabati lake ni la vinia, ataomba apunguziwe bei. Katika karakana ya Day mambo yalikuwa kinyume. Mahogani ilitoka visiwa vya Karibi na pwani ya Honduras, ikashushwa katika bandari za mashariki, kisha ikasafirishwa hadi bara. Sehemu ya thamani zaidi ya mti si shina lililonyooka bali panda, pale shina linapogawanyika kuwa matawi mawili, kwa sababu nyuzi za mbao hapo hujikunja na kugongana, na ukipasua unapata mchoro kama mwali wa moto. Panda ikitumiwa kama ubao mzima hupinda na kupasuka. Nyuzi zake zinavuta kila upande. Kwa hiyo inapasuliwa karatasi nyembamba, na karatasi hizo hugandishwa juu ya mbao tulivu za kienyeji. Kwa Day hizo zilikuwa msonobari wa njano na popla.

Ugandishaji ndio mtihani. Gundi ilikuwa ya ngozi na mifupa ya wanyama, inayochemshwa ndani ya maji na kupakwa ikiwa moto. Ikipoa kabla karatasi haijakaa vizuri, unapata malengelenge ambayo mteja atayaona baada ya msimu mmoja wa joto. Juu ya sehemu bapa unaweza kubana kwa ubao na jiriwa. Juu ya sehemu yenye mkunjo haiwezekani. Fundi huchonga kibanio cha mbao chenye mkunjo uleule kwa kinyume, au hutumia mfuko wa mchanga uliopashwa moto, ambao hujilaza kufuata umbo na kuifanya gundi iendelee kuwa laini. Karatasi mbili zilizofuatana kutoka panda moja hufunguliwa kama kurasa za kitabu, ili mwali wa kushoto ukutane na mwali wa kulia katikati ya mlango. Zikikosana kidogo tu, jicho linaona. Sasa kumbuka kwamba Day alipenda mikunjo kuliko kitu chochote, na utaelewa kwamba hakuwa akiokoa pesa. Alijichagulia njia ngumu.

Mwaka 1840 John Hall alichapisha Baltimore kitabu cha michoro ya samani, chenye vielelezo karibu 200, kikiwa cha kwanza cha aina yake nchini Marekani. Umbo linalotawala kitabu kile ni mkunjo kama herufi S, unaoweza kukatwa kwa msumeno kutoka ubao mmoja, bila mchongaji kupoteza wiki kwa patasi. Mtindo ulitoka Ufaransa, ukapitia New York, ukafika kwa mafundi wa majimbo. Day aliutumia kama wengine. Ila wengine wanauweka mkunjo chini ya meza kama mguu, wanaridhika. Yeye aliuongeza mwingine, akaugeuza, akaifanya ile nafasi tupu kati ya mikunjo miwili nayo iwe umbo. Kochi lake la kujinyoosha lina mgongo unaopanda na kushuka bila kukatika. Nguzo zake za ngazi, zile zinazosimama chini pale reli inapoanzia, zinajikunja zikitoka nje ya mstari kama zinataka kumpokea mgeni, na mapambo ya pembeni ya vipandio huendelea na wimbi lilelile hadi juu. Katika nyumba za Caswell na wilaya za jirani, pande zote mbili za mpaka, aliyewahi kuona ngazi moja ya Day huitambua ya pili bila kuambiwa.

Na hapa ndipo wapenda mizimu wanapoingia. Nimesoma na nimesikia, zaidi ya ninavyotaka kukumbuka, kwamba nguzo hizi ni vinyago vya Afrika vilivyofichwa, kwamba mkunjo ni nyoka wa mababu, kwamba Day alikuwa akipeleka ujumbe wa siri kwa watumwa waliofagia ngazi zile. Sipingi kwamba binadamu hubeba mambo ya wazee wake. Lakini mkunjo wa Day una ukoo unaojulikana, na ukoo huo upo kwenye kurasa zilizochapishwa Baltimore. Alichokifanya peke yake ni kuuvuta mkunjo ule hadi pale mafundi wenzake walipoogopa kufika. Kumnyima sifa hiyo, ukaipeleka kwa nyoka wa mababu, ni kumwambia fundi kwamba mikono yake ilikuwa ikitumwa. Ni ule ugonjwa wa Nevis umevaa nguo nyingine: ubora wake lazima utoke mahali pengine, popote isipokuwa kichwani mwake.

Kufikia mwaka 1850 karakana yake ilikuwa kubwa kuliko zote za samani katika North Carolina. Miaka miwili kabla alikuwa amenunua Union Tavern, nyumba ya matofali ya mtaa mkuu, akaifanya makazi na karakana kwa pamoja. Baadaye aliweka injini ya mvuke. Alikuwa amefanya kazi za mbao za kumbi za vyama viwili vya mdahalo katika chuo kikuu cha Chapel Hill, baada ya kuandikiana na rais wa chuo, David Swain. David Reid, aliyekuwa gavana wa jimbo kuanzia 1851 hadi 1854, alimwagiza samani za nyumba yake, na barua zao zipo hadi leo.

Nani walifanya kazi ndani ya karakana ile? Vijana wazungu waliokuja kujifunza, mafundi wa mshahara, na watumwa wa Day. Sensa ya 1850 inamwandikia watumwa 14.

Hapa wasomaji wangu hugawanyika kambi mbili, na zote mbili zinanichosha. Kambi ya kwanza inasema: aliwanunua ili awaokoe. Inamtaja Carter Woodson, mwanahistoria aliyechapisha mwaka 1924 orodha ya Weusi huru waliomiliki watumwa mwaka 1830, akaeleza kwamba wengi waliwamiliki wake, waume au watoto wao. Ni kweli walikuwepo wa namna hiyo. Sheria ya North Carolina ya mwaka 1830 ilidai dhamana ya dola 1,000 kwa kila mtumwa anayeachiwa huru, naye alipaswa kuondoka jimboni ndani ya siku 90, kwa hiyo mtu aliyempenda mkewe alikuwa na sababu ya kubaki bwana wake kwa karatasi. Lakini mke wa Day alikuwa huru na watoto wake walikuwa huru. Watumwa wake walikuwa nguvu kazi ya karakana na ya shamba lake, kama walivyokuwa kwa mzungu wa nyumba ya pili.

Kambi ya pili inasema: alikuwa msaliti, tumfute. Hawa nao hawajasoma ule ushuhuda wa Saunders. Kumiliki watumwa ndiko kulikomfanya Day aonekane mtu wa kuaminika mbele ya bunge. Asingekuwa nao, Aquilla angebaki ng'ambo ya mpaka. Hilo halimsafishi. Watu 14 walifanya kazi bila ujira ili mtu wa kumi na tano alale salama, na wao hawakuwa na mtu wa kuwatilia saini. Hukumu yangu ni hiyo, na siibadilishi kwa sababu ngazi zake ni nzuri. Ninachokataa ni kujifanya kwamba Day mwenyewe aliridhika na mpango ule. Watoto wake watatu aliwapeleka Massachusetts, kwenye shule ya Wamethodisti ya Wilbraham, mbali na kila alichokuwa amekijenga. Mtu haipeleki familia yake mbali hivyo kutoka mahali anapopaamini.

Mwaka 1857 mabenki ya Marekani yalianguka. Wateja wa Day walikuwa wakinunua kwa mkopo, naye alikuwa akiagiza mbao kwa mkopo. Mwaka 1858 akashindwa kulipa madeni. Mahogani na mvuke havikumsaidia, wala zile saini 61. Mwanawe, Thomas mdogo, aliendeleza karakana baada yake. Day alifariki yapata mwaka 1861, vita vilipokuwa vinaanza, miaka minne kabla utumwa haujafutwa na katiba.

Nimebaki na nafasi ndogo kuliko nilivyokusudia, na wa kulaumiwa ni Day.

Henry Boyd alizaliwa mtumwa Kentucky mwaka 1802. Huyu ndiye anayelingana na ile hadithi ya kukombolewa, ila alijikomboa mwenyewe: alifanya kazi za ziada, akanunua uhuru wake mwaka 1826, akavuka kwenda Cincinnati. Ohio ilikuwa jimbo huru, na bado wenye karakana walimkataa kwa rangi yake. Alipofanikiwa, alibuni kitanda ambacho mbao za ubavuni hukazwa kwenye miguu kwa skrubu za mbao, kikafungika imara bila kulegea na bila kuwa maficho ya kunguni. Hataza yake ya mwaka 1833 ina jina la mzungu, George Porter. Boyd akaanza kugonga jina lake mwenyewe kwenye kila kitanda, ili mnunuzi asidanganywe, na akaajiri makumi ya mafundi Weusi na wazungu kwa mshahara, bila mtumwa hata mmoja. Karakana yake ilichomwa moto zaidi ya mara moja, hadi kampuni za bima zikakataa kumkatia bima, akafunga mapema katika miaka ya 1860. Alifariki mwaka 1886.

Barjon, fundi na mfanyabiashara wa Royal Street, New Orleans, aliyemwachia mwanawe biashara, amekosa kurasa zake. Atakuwa na sura yake.

Kwa mtu anayeamini kwamba mpaka kati ya majimbo ya watumwa na majimbo huru uligawa pia usalama na hatari, namwomba alinganishe mafundi hawa wawili. Karakana ya Day, katikati ya mashamba ya watumwa, iliangushwa na madeni. Ya Boyd, katika jimbo huru, iliangushwa na viberiti vya majirani.